Mtoto Alale Chali: Neno Lililochelewa

Wiki iliyopita mteja wangu, mjamzito wa miezi minane, aliniletea oda ya seti ya mtoto: shuka, mto wa pamba na vijigodoro vya kuzungushia kitanda. Mimi fundi, riziki yangu ni cherehani, lakini mto ulinikwama. Nitawaeleza kwa nini.

Zamani mtoto akilazwa mzima akakutwa amekufa, wa kulaumiwa alikuwa mama. Mwaka 1892 huko Dundee, Scotland, daktari wa polisi Charles Templeman aliandika juu ya vichanga 258 waliokufa hivyo. Akasema wamelaliwa na wazazi wao, akataja ulevi na uzembe wa akina mama. Mwanamke anazika, na maneno juu! Mpaka mwaka 1969, wataalamu waliokutana Marekani walivipa jina la peke yake vifo vya ghafla ambavyo hata uchunguzi wa maiti hauvipatii sababu.

Lakini ushauri wenyewe ulikuwa umepinda. Daktari Benjamin Spock, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni, tangu miaka ya 1950 alishauri mtoto alazwe kifudifudi asipaliwe na matapishi. Inaingia akilini, ndiyo maana ikaaminiwa. Mwaka 2005 watafiti walirudi kwenye tafiti za nyuma, wakakuta hatari ya kifudifudi ilishaonekana kufikia 1970. Ingesikilizwa, vichanga zaidi ya 10,000 wangeweza kuokolewa Uingereza peke yake.

Mwaka 1991 mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Anne Diamond, alifiwa na mwanawe. Akajua kwamba New Zealand wazazi wameshaanza kuambiwa wawalaze watoto chali. Hakunyamaza, na Desemba mwaka huohuo kampeni ikatangazwa kwao. Ndani ya miaka michache vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Marekani wakafuata 1994.

Chali, godoro gumu, hakuna mto wala kitu laini karibu na uso, hakuna moshi wa sigara. Haizuii vyote, na mama aliyefiwa asihukumiwe kwa hayo.

Basi nilimpigia mteja, nikamrudishia pesa ya mto. Alikubali. Mkwewe ndiye aliyekuja dukani kuniuliza kichwa cha mjukuu wake kitakaaje.