Kupokelewa Bila Kiti: Usharika wa Mtakatifu Thomas wa Philadelphia

Utangulizi

Historia ya Kanisa tunayoifundisha vyuoni kwetu huanzia Wittenberg, hupitia Halle na Leipzig, kisha hufika Kilimanjaro. Ni nadra tukazungumza juu ya Waafrika waliojenga nyumba ya ibada ng'ambo ya Atlantiki miaka tisini na tisa kabla ya wamisionari wa Leipzig kufika Kilimanjaro mwaka 1893. Katika makala hii tunakusudia kuutazama usharika mmoja wa namna hiyo, Mtakatifu Thomas wa Philadelphia, ulio wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani. Tunauliza swali moja tu: kupokelewa katika Kanisa maana yake ni nini?

Mji na watu wake

Philadelphia ilikuwa makao makuu ya Marekani kuanzia 1790 hadi 1800, nayo ilikua kwa kasi. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilikuwa imeanza kukomesha utumwa hatua kwa hatua, hivyo watu weusi walioachwa huru, na wengine waliotoroka kutoka kusini, waliuendea mji huo wakitafuta kazi na usalama. Mmoja wao alikuwa Absalom Jones, aliyezaliwa mtumwa huko Delaware mwaka 1746. Aliletwa mjini na bwana wake, huku mama yake na ndugu zake wakiuzwa. Alijifunza kusoma, akafanya kazi usiku baada ya kazi ya mchana, akaununua kwanza uhuru wa mkewe. Uhuru wake mwenyewe aliupata mwaka 1784 tu.

Mwaka 1787 Jones na rafiki yake Richard Allen walianzisha Chama Huru cha Waafrika, cha kusaidia wagonjwa, wajane na yatima. Wakati huo waliabudu katika kanisa la Wamethodisti la Mtakatifu George. Allen anasimulia kwamba Jumapili moja, watu wakiwa wamepiga magoti, wasimamizi walimshika Jones ili wamwinue na kumhamisha mahali alipokuwa. Jones aliomba waache mpaka sala iishe. Hawakukubali. Sala ilipokwisha, Waafrika wote wakatoka pamoja. Asomaye Yakobo 2:1-4 ataona kwamba mtume alikwisha kulijua jambo hili.

Jengo na tauni

Paa la kanisa lao jipya lilipopandishwa Agosti 1793, ilifanyika karamu. Weusi waliwahudumia mafundi weupe mezani. Kisha weupe wakawahudumia weusi. Lakini mwezi huo huo homa ya manjano iliingia mjini. Kabla ya majira ya baridi ilikuwa imeua watu wapatao 5,000, karibu sehemu moja ya kumi ya wakazi. Matajiri walikimbia. Daktari Benjamin Rush aliwaomba Waafrika wasaidie, akidhani kwamba ugonjwa huo hauwapati. Dhana hiyo haikuwa kweli, na wengi wao walikufa. Hata hivyo Jones na Allen waliongoza kazi ya kuuguza wagonjwa na kuzika wafu. Baadaye mchapishaji Mathew Carey aliandika kwamba baadhi ya wauguzi weusi walijitajirisha kwa msiba huo. Mwaka 1794 Jones na Allen walimjibu kwa kijitabu chenye hesabu, wakionyesha kwamba walitumia fedha nyingi kuliko walizopokea.

Masharti ya kupokelewa

Kanisa liliwekwa wakfu tarehe 17 Julai 1794. Wengi wa washarika walichagua kujiunga na Kanisa la Episkopali. Allen alibaki Mmethodisti, akaanzisha kanisa la Betheli. Washarika wa Mtakatifu Thomas waliweka masharti yao: wapokelewe kama kundi kamili, watawale mambo yao wenyewe, na Jones, akionekana anafaa, awekewe mikono. Dayosisi ilikubali, na Askofu William White akambariki Jones kuwa shemasi mwaka 1795. Mwanzoni mwa karne ya 19 alifanywa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa Marekani kupewa daraja hiyo katika Kanisa lake.

Lakini dayosisi nayo iliweka sharti lake. Jones alisamehewa mtihani wa Kigiriki na Kilatini, na badala yake usharika ulikatazwa kutuma wajumbe katika mkutano mkuu wa dayosisi. Katazo hilo lilidumu hadi miaka ya 1860. Kwa muda wa miaka kama sabini washarika walishiriki imani na sakramenti moja na wenzao, lakini hawakuwa na sauti.

Hata hivyo hawakunyamaza. Mwishoni mwa 1799 Jones na wenzake walipeleka ombi kwa Bunge la Marekani juu ya biashara ya watumwa na kutekwa kwa watu huru; wabunge walilikataa kwa kura 85 dhidi ya moja. Tarehe 1 Januari 1808, sheria ya kupiga marufuku uingizaji wa watumwa ilipoanza kutumika, Jones alihubiri kutoka Kutoka 3:7-8, juu ya Mungu anayesikia kilio na kushuka. Na mwaka 1816 Allen alipowekwa kuwa askofu wa Kanisa jipya la Kimethodisti la Waafrika, Jones alikuwa mmoja wa waliomwekea mikono. Njia zao zilitofautiana, ila udugu haukuvunjika. Jones alifariki tarehe 13 Februari 1818.

Sisi Walutheri

Tusidhani kwamba hili ni kosa la jirani. Katika mji huo huo Jehu Jones, mchungaji Mlutheri wa kwanza mweusi Marekani, aliyebarikiwa mwaka 1832, alianzisha usharika wa Mtakatifu Paulo. Kanisa lao liliwekwa wakfu mwaka 1836. Mwaka 1839 lilipotea kwa sababu ya deni. Waepiskopali walimpokea ndugu bila kumpa kiti. Walutheri walimbariki ndugu, wakamwacha na deni lake. Usharika wa Mtakatifu Thomas ungali hai hadi leo, ingawa umehama mara kadhaa kadiri mji ulivyopanuka. Wa Mtakatifu Paulo haupo.

Hitimisho

Miji yetu nayo inakua. Kila mahali panapojengwa nyumba mpya panazaliwa mtaa, nao washarika wake huanza kutoa sadaka kabla ya kuwa na mchungaji wao au mjumbe wao. Tunapowahesabu katika makadirio ya mapato, je, tunawahesabu pia katika vikao vya maamuzi? Na wanapolemewa na deni la jengo, ni nani anayekaa nao? Katika Ubatizo tumekiri kwamba mwili ni mmoja. Basi na tuikague mihtasari ya vikao vyetu kwa nuru ya ukiri huo, tusije tukawaweka wengine miaka sabini mlangoni huku tukiwaita ndugu.