Mwendo na Udongo: Kwa Nini Nyika ya Serengeti Haihifadhiki kwa Kufungwa

Mjadala kuhusu hali ya nyanda za nyasi za Afrika Mashariki huanza na mvua na kuishia kwenye hesabu ya ng'ombe. Mvua ikipungua, lawama ni ya tabianchi; nyasi zikiisha, lawama ni ya mfugaji. Tabianchi ina sehemu yake, hilo halina ubishi. Hata hivyo, katika mfumo wa Serengeti, Ngorongoro na Mara, badiliko lililogusa zaidi mimea na uhai wa udongo tangu mwisho wa karne ya 19 ni la mwendo: nani anapita wapi, lini, na anakaa muda gani kabla ya kuhama.

Sotoka, maradhi ya ng'ombe na jamaa zao wa porini, inalithibitisha hilo. Iliingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890, ikafyeka ng'ombe na nyumbu, kisha ikaendelea kuua ndama wa nyumbu kwa miongo kadhaa. Ng'ombe wa kandokando ya hifadhi walipochanjwa, nyumbu nao walisalimika. Walikuwa takriban 250,000 mwaka 1961. Kabla ya muongo wa 1970 kwisha walikuwa milioni 1.3 hivi. Nyasi zilizokuwa zikisimama hadi kiangazi na kuteketea sasa zililiwa na makundi ya nyumbu wanaohama. Kilichokuwa kikipaa kama moshi kikawa samadi, nayo dundu wa mavi na mchwa wakaifukia ardhini; miti nayo, ikipumzika na moto, ikaongezeka. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Ricardo Holdo walionyesha kwamba mfumo huo uliacha kuwa mtoaji wa kaboni ukawa mhifadhi wake. Yote hayo yalianzia kwenye sindano ya bwana mifugo.

Msomaji anaweza kuhitimisha kwamba moto basi ni adui. Kreta ya Ngorongoro inakataa. Wamasai waliondolewa kuishi humo mwaka 1974, na uchomaji wao wa nyasi ukakoma. Nyasi ndefu zikatawala, kupe wakazidi, na baada ya ukame wa mwaka 2000 na vifo vingi vya nyati, mamlaka ilirejesha uchomaji wa mpango mwaka 2001. Moto na ulishaji hufaa au hudhuru kulingana na mahali na msimu.

Ushahidi ulio mzito zaidi, kwa maoni yangu, uko Narok, upande wa Mara. Ng'ombe huchungwa mchana katika eneo pana na kulala bomani, kwa hiyo rutuba iliyotawanyika hukusanywa kila usiku mahali pamoja. Boma likihamwa, hapo huota nyasi laini zenye lishe. Swala na nyumbu huzifuata na kuacha kinyesi chao juu ya kile cha ng'ombe. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maboma ya kale yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700: udongo wake bado una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko ardhi inayoyazunguka. Sehemu ya utofauti wa mimea tunaouita wa asili, kumbe, ni kazi ya wafugaji. Ila sharti ni moja: boma lihame. Lisipohama, samadi hurundikana isikohitajika na malisho ya jirani hunyonywa mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo tulipo sasa. Utafiti ulioongozwa na Michiel Veldhuis mwaka 2019 ulionyesha kwamba mifugo ikibanana mipakani mwa hifadhi, wanyamapori husukumwa ndani, na madhara huvuka mpaka: kaboni ya udongo hupungua, na ushirika wa mimea na viumbe wa ardhini hulegea. Sababu yake inaeleweka. Kuvu wa mizizi huipatia nyasi fosforasi nao hulipwa kwa sukari. Jani linalokatwa kila linapochipua halina sukari ya ziada ya kulipa. Nyasi za kudumu, mfano Themeda triandra, hudhoofika, na nafasi yake huchukuliwa na nyasi za msimu na magugu.

Wapo watakaosema dawa ni kuwatoa ng'ombe wote mipakani. Lakini msongamano huo umetengenezwa: malisho ya kiangazi yamegeuzwa mashamba, na upande wa Mara uzio umeongezeka kwa kasi ardhi ya pamoja ilipogawanywa. Kumfukuza mfugaji kutoka kipande kimoja ni kumsongamanisha katika kingine.

Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji kuzunguka hifadhi hizi ianze basi na njia za kuhama, maronjo (kambi za muda za wafugaji) na malisho ya akiba, kabla ya kuchora mipaka ya mashamba. Na wanaohesabu wanyama kwa ndege wapime pia kaboni na kuvu wa udongo katika maeneo yale yale, kwa kuwa upungufu wa nyumbu ukija kuonekana kutoka angani tutakuwa tumechelewa.