Mitumba, ushuru na ushawishi wa mataifa

MKAZI wa Kiganjo, viungani mwa mji wa Thika, anaponunua shati la mtumba huenda asijue kwamba nguo kama hiyo iliwahi kuzua mvutano kati ya Afrika Mashariki na Marekani.

Mvutano huo unaeleza jinsi mambo mawili yanavyojenga au kubomoa ushawishi wa nchi duniani: ulinzi wa viwanda vya ndani na nguvu ya mvuto.

Ulinzi wa viwanda ni hatua ya serikali kutoza ushuru mkubwa au kupiga marufuku bidhaa za nje. Kenya ilifuata sera hiyo baada ya uhuru, na viwanda vya nguo vikastawi Thika, Kisumu na Eldoret. Soko lilipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, mitumba ilimiminika na viwanda vingi vikaanguka, kikiwemo Kicomi cha Kisumu.

Nguvu ya mvuto, dhana iliyoasisiwa na msomi wa Marekani, Joseph Nye, mwaka 1990, ni uwezo wa nchi kupata itakacho kwa kupendwa, wala si kwa vitisho au malipo.

Sheria ya AGOA, iliyopitishwa Marekani mwaka 2000, iliruhusu nguo za Kenya kuingia huko bila ushuru. Wengi waliiona kuwa fadhila, lakini ilikuwa na masharti.

Machi 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuondoa mitumba hatua kwa hatua kufikia mwaka 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuziondoa nchi hizo katika AGOA. Kenya, iliyokuwa na mengi ya kupoteza, ilirudi nyuma mwaka 2017. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika mpango huo.

Hata hivyo, mwenye nguvu naye hupoteza. Aprili 2025, Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya. Miezi miwili baadaye, China ilitangaza nia ya kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi 53 za Afrika. Mmoja alipoanza kufunga mlango, mwenzake aliona nafasi ya kujipatia marafiki.

Kenya nayo haina budi kujitazama. Machi 2021 ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania ikitaja sumukuvu, kisha ikalegeza amri hiyo siku chache baadaye na kuweka masharti. Majirani hao ni wateja wakubwa wa bidhaa za viwanda vya Kenya.

Kulinda kiwanda cha Thika ni haki ya taifa. Lakini kiwanda hicho huhitaji pia wanunuzi ng'ambo ya mpaka, na mnunuzi aliyefungiwa mlango jana si rahisi kuufungua wake leo.