Kuwaleta wazazi wazee Uingereza: kanuni zinasemaje?

Watu wengi wa Afrika Mashariki walioingia Uingereza katika miaka ya 1990 wakiwa wakimbizi, wanafunzi au wauguzi, leo ni raia au wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo.

Wazazi waliowaaga wakiwa bado na nguvu zao sasa wamekuwa vikongwe, na swali linalozungumzwa majumbani ni iwapo inawezekana kuwaleta waje kuishi na watoto wao.

Kisheria inawezekana, lakini mlango ni mwembamba mno.

Kabla na baada ya 2012

Hapo awali, mzazi aliyetimiza miaka 65, aliyeishi kwa kutegemea fedha za mtoto wake aliyeko Uingereza, na asiye na jamaa wa karibu wa kumsaidia nyumbani, aliweza kuomba kumfuata.

Tarehe 9 Julai 2012 kanuni hizo zilibadilishwa. Tangu siku hiyo, uzee na kutegemea fedha pekee havitoshi.

Mzazi sharti athibitishe kwamba, kwa sababu ya umri, maradhi au ulemavu, anahitaji kuhudumiwa na mtu kwa muda mrefu katika mambo ya kila siku, kama vile kuoga, kuvaa na kupika.

Aidha, athibitishe kwamba huduma hiyo haipatikani anakoishi, hata kwa msaada wa mtoto wake, ama kwa kuwa haipo na hakuna mtu wa kuitoa, au kwa kuwa gharama yake haimudiki.

Fedha zinazogeuka kikwazo

Sharti hili la pili ndilo linalowaangusha wengi.

Mtoto anayetuma fedha kila mwezi huulizwa: mbona fedha hizo zisimwajiri mtu wa kumhudumia mzee? Ujira wa mfanyakazi wa nyumbani Tanga au Kisumu ni mdogo ukilinganishwa na mshahara wa Uingereza, hivyo ukarimu wa mtoto huweza kuwa hoja ya kumkatalia mzazi viza.

Wakati huo huo, mtoto lazima aonyeshe kwamba anao uwezo wa kumlisha, kumpa makazi na kumtunza mzazi bila msaada wa serikali. Aliye raia au mkaazi wa kudumu hutia saini ahadi ya kufanya hivyo kwa miaka 5.

Kwa maneno mengine, fedha zake ziwe nyingi kiasi cha kumtunza mama London, lakini zisiweze kumtunza akiwa kwake.

Suala la jamaa nalo ni gumu. Katika desturi zetu mzee hakosi ndugu, mjukuu au jirani, na afisa wa viza anaweza kumhesabu kila mmoja wao kuwa mtunzaji. Ni juu ya familia kueleza, kwa ushahidi, kwa nini fulani hawezi kazi hiyo.

Mahakama ilisema nini?

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa mjini London iliamua kwamba kanuni hizi ni halali. Hata hivyo, majaji walieleza kwamba huduma inayotazamwa iwe ya kiwango anachohitaji mzee, na kwamba mahitaji yake ya kihisia na kisaikolojia nayo yazingatiwe yanapothibitishwa na daktari.

Kwa hiyo cheti kinachosema tu kwamba mzee anaugua kisukari hakisaidii sana. Ripoti ieleze asichoweza kukifanya mwenyewe, nani anamsaidia sasa, na kwa nini msaada huo hautoshi.

Tahadhari

Ombi hufanywa mzazi akiwa nje ya Uingereza, na ada yake inazidi pauni 3,000. Kanuni hazimruhusu aliyeingia kwa viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida ni ya miezi 6, kuigeuza kuwa ya ukaazi.

Akikataliwa akiwa nje, mzazi ana siku 28 za kukata rufaa kwa misingi ya haki za binadamu. Hapo mahakama huweza kuuliza kwa nini mtoto asirudi kumtunza mzazi wake. Kwa mkimbizi aliyefungiwa njia ya kurejea kwao, jibu la swali hilo lina uzito wa pekee.

Anayekubaliwa, ikiwa mtoto wake ni raia au mkaazi wa kudumu, hupata ukaazi wa kudumu mara moja. Lakini akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo, haki hiyo hupotea. Wazee wanaotamani kurudi kuona mashamba yao wakumbuke hilo.

Mwisho, ni kosa la jinai Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuidhinishwa kisheria. Kabla ya kumlipa yeyote, hakikisha ni wakili au mshauri aliyesajiliwa, kwani ombi lililoandaliwa ovyo humgharimu mzee muda ambao huenda hanao.