Programu ya bure ikikwama: nani anapokea taarifa, na anaifanyia nini

Mkaaji wa Sange, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira, anaweza kuwa na programu za bure ndani ya telefone yake bila kujua zimetoka kwa nani: ramani inayofunguka bila rezo, fomu ya kuandikisha familia zilizohama, programu ya kukata sauti kwa ajili ya redio. Nyingi kati ya hizo ni programu huria. Kodi yake iko wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Nyingine zinatunzwa na watu wa kujitolea, wanaozishughulikia usiku baada ya kazi yao ya mchana.

Siku programu ya namna hii inakwama, hakuna duka la kuirudisha. Kuna daftari la kasoro.

Daftari lenyewe

Debian, mradi wa kujitolea ulioanza 1993, unapokea taarifa za kasoro kwa baruapepe. Mozilla, wanaotengeneza Firefox, wanatumia Bugzilla tangu 1998. Miradi mingi ya leo inatumia daftari la GitHub. Namna ni ile ile: kila taarifa inapata namba na tarehe, na mara nyingi mtu yeyote duniani anaweza kuisoma.

Taarifa ikifika, kazi ya kwanza si kutengeneza. Ni kupanga, kama muuguzi anavyopanga wagonjwa mlangoni pa kituo cha afya. Mpangaji anauliza mambo manne. Je, kasoro hii imekwisha kuandikwa na mtu mwingine? Je, anaweza kuifanya itokee tena kwenye mashine yake? Inaumiza kiasi gani: inaharibu kazi ya watu, ao ni rangi ya kitufe tu? Na nani ana nafasi ya kuishughulikia?

Mwishoni taarifa inafungwa kwa jibu moja. Katika Bugzilla kuna jibu la kusema imetengenezwa, jingine la kusema ni marudio ya ile ya zamani, jingine la kusema haitatengenezwa. Kuna pia jibu linalokasirisha watu wengi: kwangu inafanya kazi. Mara nyingi jibu hilo halina dharau. Maana yake ni kwamba yule wa mbali amejaribu na hakuona kitu.

Habari mbili tofauti

Mwezi wa kwanza 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa mwezi wa 12 mwaka 2007, watu wachache wa kujitolea walitengeneza Ushahidi, programu ya kupokea habari za fujo na kuziweka juu ya ramani. Mwaka huo huo ilitumika pia kwa mashariki mwa Congo. Hapo kuna habari za aina mbili: habari ya jambo lililotokea mtaani, na habari kwamba programu yenyewe imekataa kutuma. Kila moja ina mlango wake.

Ni vivyo hivyo kwa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza 2004. Daraja likikosekana ao jina la kijiji likiwa si sahihi, hiyo ni kasoro ya ramani, na tangu 2013 mtu anaweza kuacha kidokezo pale pale juu ya ramani. Lakini kama programu ya telefone inajifunga kila mara mtu anapotafuta Kiliba, taarifa inaenda kwa watengenezaji wa programu ile. Kuchanganya milango hii miwili kunapoteza majuma.

Taarifa inayosaidia

«Ramani haifanyi kazi» haimsaidii mtu yeyote. Taarifa inayosaidia inasema aina ya telefone, namba ya Android na namba ya programu. Inapanga hatua moja moja, inasema kilichotarajiwa na kilichotokea, na inanakili maneno ya kosa jinsi yalivyo. Sherti iseme pia kama rezo ilikuwepo. Kasoro moja, taarifa moja. Madaftari mengi yanaandikwa kwa Kiingereza, lakini sentensi fupi za Kifaransa zenye namba sahihi zinashinda Kiingereza kirefu kisicho na namba.

Mfano wa 2024 unaonyesha uzito wa jambo hili. xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo ndani ya kompyuta nyingi sana, na kwa miaka ilitunzwa hasa na mtu mmoja wa kujitolea. Mwaka 2022 majina yasiyojulikana yalimwandikia mara kwa mara kulalamika kwamba anachelewa. Mtu mwingine aliyejionyesha kuwa msaidizi akapewa nafasi, na baadaye mlango wa siri ukaingizwa ndani ya matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine kunachelewa karibu nusu sekunde. Alipima, akatafuta chanzo, akawajulisha kwanza kwa siri watu wa usalama, kisha tarehe 29 mwezi wa tatu 2024 akatoa taarifa wazi yenye namba za matoleo. Malalamiko bila ushahidi yalimchosha mtunzaji. Taarifa moja iliyopimwa iliokoa mashine nyingi.

Kisichoandikwa wazi

Freund hakuanza mbele ya watu wote, na hiyo ni kanuni. Kasoro inayoweza kumfungulia mwizi mlango inatumwa kwa siri. Miradi mingi ina anwani yake kwa kazi hiyo.

Kwa wakaaji wa bonde la Ruzizi kuna jambo jingine. Picha ya skrini inaweza kuonyesha jina la mgonjwa, namba ya telefone, ao mahali familia iliyohama inalala. Faili la kumbukumbu za programu linaweza kubeba alama za GPS. Daftari likiwa wazi, hata mwenye bunduki anaweza kulisoma. Majina, namba na mahali vifutwe kabla ya kutuma. Fomu ya majaribio yenye majina ya kubuni inaonyesha kasoro ile ile.

Baada ya kutuma, mara nyingi swali linarudi: jaribu toleo jipya, useme kama limepona. Taarifa nyingi zinafungwa hapo, kwa sababu aliyeandika hakujibu. Mtengenezaji wa mbali hana ile telefone ya bei ndogo, wala ile rezo inayokatika katikati ya kutuma. Aliye Sange anavyo, na jaribio lake ndilo linaloonyesha kama programu itafaa kwa watu wa hapa.