Debe, Bati na Sufuria: Vyombo Rahisi vya Nyumbani katika Historia ya Afrika Mashariki

Kabla ya bidhaa za viwandani kuingia, jiko la Afrika Mashariki lilitegemea vitu vya karibu: chungu na mtungi wa udongo, kata na upawa wa kifuu cha nazi, kinu na mchi, ungo, kawa la ukindu. Bei yake ilikuwa ndogo na mtengenezaji alikuwa jirani, kwa hiyo chungu kikivunjika kilipatikana kingine bila safari ndefu. Vyombo vya kigeni vilikuwa vya wachache. Vigae vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa Kilwa na Gedi, na huko Kunduchi na Mambrui mabakuli ya namna hiyo yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi, jambo linaloonyesha jinsi yalivyothaminiwa. Masinia na masufuria ya shaba nayo yalikuwa mali ya kurithishana.

Mpaka mwisho wa karne ya 19, vyombo vya kigeni havikuweza kuwa rahisi bara. Kila kitu kilichotoka pwani kilibebwa na wapagazi, mzigo wa mtu mmoja ukiwa wa kilo 30 hivi, kwa safari ya miezi. Mfanyabiashara aliyelipa gharama hizo alichagua nguo, shanga na waya, kwa kuwa thamani yake ilikuwa kubwa kuliko uzito wake. Sahani na masufuria hayakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Reli ya Uganda ndiyo iliyoibadilisha. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na nyuma yake yakaja maduka. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyeanzia biashara Bagamoyo, alifungua maduka kando ya reli na ndani ya Uganda. Maelfu ya wenye maduka wadogo, wengi wao Wahindi, walifuata mtindo huo wa kupokea mali kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa mjini na kuiuza kidogokidogo kijijini. Humo ndimo mnunuzi wa kawaida alimoanza kukutana na chombo cha kiwandani kwa bei aliyoweza kuifikia.

Chombo cha kwanza kupendwa sana kilikuwa sahani ya bati na nduguze: kikombe, bakuli, birika na beseni. Ndani yake ni chuma chembamba, na juu yake ni unga wa kioo uliochomwa katika joto la nyuzi 800 hivi mpaka ukayeyuka na kushika. Viwanda vya Ulaya ya Kati vilivitoa kwa wingi, baadaye Japani na China. Vilikuwa vyepesi, havikunywa harufu ya samaki wala kitunguu, vilioshwa upesi, na vikianguka havikuvunjika. Hata hivyo, kioo hicho hubanduka. Pale kilipobanduka chuma hukutana na maji, kutu huanza, na tundu hufuata. Chombo kilichopakwa tabaka moja na kile kilichopakwa mawili au matatu hufanana kikiwa kipya dukani. Hutofautiana baada ya misimu ya matumizi. Tangu wakati huo mnunuzi wa vyombo rahisi amekuwa na kazi ya kutafuta kasoro ambayo jicho halioni kwa urahisi. Mahali pazuri pa kuitafuta ni ukingoni, kwa kuwa hapo ndipo kioo huwa chembamba zaidi na hubanduka kwanza.

Hakuna chombo kilichowafaa watu kwa bei ndogo kama debe, na halikutengenezwa liwe chombo cha nyumbani. Mafuta ya taa yaliletwa kwa meli ndani ya makopo ya mraba ya bati, kila moja likichukua galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 hivi, na makopo mawili yalifungwa katika sanduku moja la mbao. Mafuta yakiisha, kopo lilibaki, nalo lilikuwa na thamani ya pili. Likikatwa mdomo na kutiwa kijiti cha kushikia, likawa ndoo ya maji, nyepesi kuliko mtungi na isiyovunjika njiani kutoka kisimani. Likawa kipimo cha mahindi, mchele na chokaa, mpaka soko zima likazungumza kwa madebe, na gunia la mahindi likahesabiwa kuwa la debe sita. Likipasuliwa na kunyooshwa, likawa paa au ukuta wa nyumba za watu wa kipato kidogo mijini. Fundi bati alilikata akatengeneza koroboi, faneli, karai, sanduku la nguo na bomba la kukinga maji ya mvua, akilehemu viungo kwa risasi. Koroboi iliyotengenezwa kwa bati la debe ilichoma mafuta yaleyale yaliyoletwa na debe. Mbao za sanduku nazo zikawa kiti, rafu au mlango wa banda la kuku.

Debe laeleza vizuri kwa nini baadhi ya vitu rahisi vilikuwa na faida na vingine havikuwa nayo. Bati lake lilikuwa la kawaida tu. Faida yake ilitoka kwa fundi aliyekaa jirani, mwenye koleo, nyundo na jiko la mkaa, aliyeweza kulitengeneza upya kila lilipoharibika. Bidhaa rahisi iliyoingia mahali penye fundi wa namna hiyo iliishi maisha mawili au matatu. Isiyoweza kuguswa na fundi ilikufa siku ilipopasuka.

Sufuria ya alumini ilifuata njia hiyohiyo. Alumini ni nyepesi, haishiki kutu na hupitisha joto upesi, kwa hiyo iliipokonya shaba nafasi yake, maana sufuria ya shaba ilihitaji kupakwa bati ndani mara kwa mara ili chakula kisipate sumu. Kiwanda cha Kaluworks kilianza Mombasa mwaka 1929, na kile cha Aluminium Africa, kijulikanacho kama ALAF, kikaanzishwa Dar es Salaam mwaka 1960. Sufuria za seti, kila moja ikiingia ndani ya nyingine, zikawa zawadi ya harusi na alama ya nyumba iliyokamilika. Hapa unene ndio kila kitu. Sufuria nyembamba huunguza maharage chini huku juu yakiwa mabichi, hubonyea inaposongewa ugali, na kitako chake hutoboka mapema. Ya bamba nene hudumu miaka mingi, na hata kitako kikiisha, mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mitaani, hukikata na kuweka kipya. Isiyotengenezeka tena huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, ikayeyushwa na kusubiwa kuwa chombo kingine.

Baada ya uhuru, Tanzania ilipita katika njia ambayo Kenya haikuipita. Kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, uagizaji na biashara ya jumla viliwekwa mikononi mwa shirika la biashara la taifa, STC, na baadaye makampuni ya mikoa, RTC. Ujenzi wa reli ya TAZARA katika miaka ya 1970 uliongeza mkondo wa pekee. China ilitoa mkopo usio na riba, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika nchi zenye reli hiyo. Kwa hiyo bidhaa za China zilikuwa madukani, kwa mpango wa kiserikali, miaka mingi kabla ya wafanyabiashara binafsi wa Kariakoo, Dar es Salaam, kuanza kusafiri kwenda Guangzhou.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zilikauka. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, kisha vikaja vita vya Kagera. Sabuni, sufuria na sahani ziliadimika. Bei ya duka la serikali ilikuwa ndogo, lakini bidhaa haikuwepo. Iliyokuwepo ilipatikana kwa magendo na kwa bei ya juu mara kadhaa. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi haikujaza rafu. Zilianza kujaa mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na zikafurika chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa. Uhaba huo ulikuwa mateso kwa kaya, na kukumbuka ubora wa vyombo vya zamani bila kukumbuka foleni zake ni kuwanyima haki waliozipanga.

Plastiki iliingia katikati ya mambo hayo yote. Ndoo, jagi, beseni na dumu la plastiki vilimpunguzia mzigo mwanamke na mtoto waliochota maji, na hilo peke yake ni faida kubwa ambayo bei haiionyeshi. Lakini plastiki iliwaacha mafundi bati bila kazi. Ndoo iliyopasuka huweza kuzibwa kwa kipande cha plastiki kilichoyeyushwa, ila kiraka hicho hakidumu, na jua huifanya plastiki duni kuwa kavu na kukatika kama kaki.

Tangu miaka ya 1990, Kariakoo, pamoja na Kamukunji na Eastleigh za Nairobi, zimekuwa milango ya bidhaa za Asia kwa nchi zao, na Kariakoo hulisha pia wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Burundi. Inasemwa mara nyingi kwamba vitu vya China havidumu. Kauli hiyo inamlaumu asiye peke yake katika kosa. Kiwanda kimoja hutoa chombo kilekile kwa madaraja tofauti kulingana na bei anayotaka mwagizaji, na mwagizaji hushusha unene wa bamba au urefu wa waya ili ashindane na jirani yake. Kenya ilianza kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka mwaka 2005, na Tanzania mwaka 2012, hasa kwa sababu hiyo.

Kwa historia hiyo, vyombo visivyoguswa na moto wala umeme, kama sahani, beseni, ungo wa plastiki, vibanio vya nguo na ndoo, vinaweza kununuliwa kwa bei ya chini bila hasara kubwa. Jiko ni jambo jingine. Jiko la bati tupu ni rahisi kulinunua, lakini hupoteza joto pembeni, na anayenunua mkaa kwa kopo hulipa tofauti hiyo kila jioni. Jiko lenye udongo ndani, lililoenezwa Kenya kuanzia miaka ya 1980 na mafundi wa jua kali, hugharimu zaidi lakini hupunguza mkaa kwa kiasi kikubwa, na kaya maskini ndiyo inayofaidika mapema. Waya na vifaa vya umeme vya bei ya kutupa havistahili kuingia nyumbani kabisa, kwa sababu kasoro yake huonekana siku ya moto.

Sufuria za kusubiwa nazo zinahitaji tahadhari. Hutengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyochanganyika, vikiwemo vipande vya injini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vyombo vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulikuta kuwa zaidi ya theluthi ya vyombo 42 vilivyopimwa viliweza kutoa risasi ya kutosha kudhuru afya. Risasi haina ladha wala rangi katika chakula, na huathiri zaidi ubongo wa mtoto. Vyakula vyenye uchachu, kama nyanya, ndimu na ukwaju, huichota kwa wingi zaidi. Chombo cha namna hiyo chafaa kwa kuchotea mchanga au kuwekea maji ya kufulia. Mchuzi wa nyumba upikwe katika sufuria ya bamba la kiwandani, hata ikiwa ni ndogo na imenunuliwa peke yake bila seti.