Valvu na Transista: Asili ya Ugomvi wa Amplifaya

Mtu anunuapo amplifaya ya stereo kwa ajili ya nyumba yake, hatoi fedha kidogo. Mara nyingi ni akiba ya miezi mingi, na watu wa nyumbani wamejinyima vitu vingine ili ipatikane. Kwa hiyo haimfai kuchagua kwa kufuata maneno ya mitaani. Wapenzi wa muziki wamegawanyika pande mbili tangu siku nyingi. Wa kwanza husema kwamba hakuna sauti tamu kama ile ya valvu, yaani zile taa za kioo zilizowaka ndani ya redio za zamani. Wa pili husema kwamba valvu ni kitu cha kale, na transista imekwisha kuishinda. Tumeona vema kueleza asili ya vyombo hivi viwili, maana asiyejua chanzo cha ugomvi hawezi kuuamua.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya amplifaya. Sindano ipitapo juu ya santuri hutoa umeme dhaifu mno, usioweza kutikisa spika. Amplifaya huchukua umeme mwingine wenye nguvu na kuuongoza ufuate umbo la ule dhaifu. Mfano wake ni mtu alindaye mlango wa mfereji wa shamba. Nguvu ya mkono wake ni ndogo, lakini akiinua ubao kidogo, maji mengi hupita. Akiushusha, maji hupungua.

Mlango wa kwanza wa namna hii ulikuwa ni valvu. Katika mwaka 1904 Mwingereza mmoja, jina lake John Ambrose Fleming, alitengeneza taa ya kioo iliyotolewa hewa, ambayo iliruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitia ndani ya taa ya namna hiyo kipande cha tatu cha waya, na muda si mrefu kipande hicho kikawa kama wavu mdogo katikati ya njia. Wavu huo ndio ubao wa mfereji wetu. Umeme dhaifu ukitiwa katika wavu, ule wenye nguvu hufuata. Wengine walizidi kuitengeneza valvu, na mwezi wa Januari mwaka 1915 watu wa New York walisemezana kwa simu na watu wa San Francisco, umbali wa zaidi ya kilomita 4,000, kwa kuwa njiani valvu ziliipa sauti nguvu mpya.

Kwa miaka mingi valvu haikuwa na mshindani. Mwaka 1947 fundi D. T. N. Williamson alieleza katika gazeti la Wireless World la Uingereza namna ya kuunda amplifaya ya wati 15, ambayo kasoro iliyoitia katika sauti haikufika sehemu moja katika elfu. Watu wengi waliiunda kwa mikono yao wenyewe. Hapo valvu ilikuwa imefika karibu na ukamilifu.

Lakini katika mwaka uo huo, tarehe 16 Desemba, mshindani alizaliwa. John Bardeen na Walter Brattain, wataalamu wa maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, walipata kukuza umeme kwa kipande kidogo cha germaniamu, pasipo kioo, pasipo uzi wa kuwaka moto. Mwenzao William Shockley akabuni namna iliyo imara zaidi, na mwaka 1956 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel. Kitu hicho ndicho kiitwacho transista.

Faida zake zilionekana upesi. Valvu hula umeme mwingi kwa kuwa sharti uzi wake uwake, na hatimaye huchakaa kama taa yo yote. Transista hutosheka na betri ndogo. Mwaka 1954 iliuzwa Marekani redio ya transista nne, iliyoitwa Regency TR-1, ambayo mtu aliweza kuitia mfukoni. Vijiji visivyokuwa na waya za umeme vilipata kusikia habari kwa urahisi kwa sababu ya redio za namna hiyo.

Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda. Amplifaya nyingi za kwanza za transista hazikuwa na sauti nzuri. Transista mbili hupokezana kazi kama watu wawili wapasuao mbao kwa msumeno mmoja: huyu avuta, kisha yule avuta. Wa pili akikawia kidogo, msumeno hukwama. Vivyo hivyo, mahali pa kupokezana sauti ilikwaruza, na mkwaruzo huo ulisikika zaidi muziki ulipokuwa wa chini. Walioziacha valvu zao wakati huo walikuwa na haki ya kulalamika, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Je, malalamiko hayo bado ni kweli? Kampuni ya Quad ya Huntingdon, Uingereza, iliunda amplifaya za namna zote mbili. Quad II, ya mwaka 1953, ilikuwa ya valvu. Quad 303, ya mwaka 1967, na Quad 405, ya mwaka 1975, zilikuwa za transista. Mwaka 1978 habari za jaribio zilitolewa katika Wireless World na James Moir. Wasikilizaji walipigiwa muziki kwa amplifaya hizo tatu pasipo kujua ipi inalia. Majibu yao hayakuwa bora kuliko ya mtu abahatishaye.

Jambo hili lisitufanye tuwaite waongo wote wasemao kwamba wamesikia tofauti. Amplifaya ikilazimishwa kupita nguvu zake, ya valvu kwa kawaida huharibu sauti taratibu, na ya transista huikata ghafula. Ndiyo sababu wapigaji wengi wa gitaa wangali wakiipenda valvu. Tena valvu nyingine hazishiki spika kwa uthabiti, hata sauti ikabadilika kidogo kwa kila spika. Wako wanaoyapenda mabadiliko hayo. Lakini vyombo viwili vilivyoundwa vema, visivyozidishiwa kazi, masikio hayavitengi kwa urahisi pale macho yasipoyasaidia. Mwanga wa valvu gizani ni mzuri, na uzuri huo huingia masikioni kwa njia ya macho.

Basi mnunuzi afanye nini? Aanze na spika, maana tofauti kati ya spika na spika ni kubwa kuliko ile ya amplifaya na amplifaya. Kisha apime ukubwa wa chumba na wati zihitajiwazo. Wati nyingi hupatikana kwa bei nafuu zaidi katika transista. Akipenda valvu, aulize kwanza kama valvu za akiba zapatikana karibu, kwani viwanda vizitengenezavyo leo ni vichache, hasa vya Urusi, China na Slovakia. Ajue pia kwamba ndani yake mara nyingi mna umeme wa volti 300 au zaidi, ambao huweza kubaki hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo watoto wasiifungue kamwe.

Mwisho, amwombe mwenye duka ampigie santuri moja kwa amplifaya mbili, kwa kiasi kimoja cha sauti, naye amegeuza uso ukutani. Kiasi kiwe kimoja kweli, kwa sababu ile inayolia kwa nguvu kidogo zaidi hudhaniwa kuwa tamu zaidi. Asipoweza kuzitofautisha, achukue ya bei ndogo, na fedha zitakazobaki azitumie kwa santuri.